Nyanya za Matiri na Mama wa Kihagara

Siku ile bado naiona, mwanangu, kama jambo la juzi. Kiangazi kilikuwa kinaelekea mwisho, vumbi limekaa juu ya majani ya kahawa, na bonde zima la kwetu Matiri lilikuwa jekundu kwa nyanya. Ukisimama juu kwenye ngolo za mahindi, yale mashamba yetu ya mashimo mlimani, ukatazama chini, uliona nyekundu mpaka mtoni. Mgeni angepita akasema watu hawa wamejaliwa. Sisi wenyewe tulikuwa tumekaa kando ya njia tumeshika tama.

Nakusimulia habari hii kwa sababu nimesikia unataka kulima nyanya. Nimesikia pia kwamba ulipita sokoni Mbinga wakati wa mvua, ukaona tenga moja linavyouzwa, ukarudi nyumbani hushikiki. Sikulaumu. Baba yangu naye alianza hivyo hivyo. Vuta hicho kigoda, kaa, halafu ukishanisikiliza nenda kalime ukiwa unajua unachokilima.

Wakati ule nilikuwa msichana mkubwa, nimemaliza darasa la saba, sijaolewa. Jina langu ni Skolastika lakini wote waliniita Skola, na baba yangu akaitwa Baba Skola kwa kuwa mimi ndiye mtoto wake wa kwanza. Alikuwa mkulima wa kahawa kama majirani zake wote. Kahawa inakupa fedha mara moja kwa mwaka, na mwaka ule ilitupa kidogo mno. Sasa masika yaliyotangulia kuna mtu kijijini alikuwa amepata nyanya chache wakati hakuna mwingine mwenye nyanya, akaziuza kwa bei iliyozungumzwa mpaka nje ya kanisa baada ya misa. Basi kila mwenye kipande cha ardhi bondeni akasema, na mimi nalima. Tukasia mbegu pamoja, tukahamisha miche pamoja, tukamwagilia kwa ndoo kutoka mto mmoja, na nyanya zikaiva zote kwa pamoja. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza nani atazila.

Palikuwa na bwana mmoja wa mjini, mwenye lori, aliyekuwa akizunguka vijijini kununua mazao. Alikuwa amepita kwetu siku kadhaa kabla, akapatana bei na wazee mbele ya duka, akawaambia, "Chumeni Ijumaa, Jumamosi asubuhi niko hapa." Watu wakachuma. Tulichuma tangu umande haujakauka mpaka jua likazama, mama zetu, sisi, hata bibi ambao migongo ilishawashinda. Tukapanga nyanya kwenye matenga, yale masanduku ya mbao za kupigilia misumari, na juu ya kila tenga tukarundika nyanya nyingine zikaumuka kama kilima, tukafunika kwa majani na kukaza kamba. Ile ya juu ndiyo wanunuzi huita kilemba. Hawailipii. Lakini tenga lisilo na kilemba walikuwa hawaligusi.

Jumamosi asubuhi lori halikuja. Lilikuja jua limeshapita utosi. Yule bwana akashuka, akatembea katikati ya matenga mikono nyuma, akabonyeza nyanya hapa, akabonyeza pale.

"Songea zimejaa," alisema. "Kila gari linashusha nyanya. Nitawapa nusu ya ile tuliyosema."

Baba yangu hakuwa mtu wa kupaza sauti. Akamwambia, "Lakini bwana, tulipatana."

"Tulipatana wiki iliyopita, mzee. Nyanya hazina bei ya wiki iliyopita."

"Sasa sisi tufanye nini? Tumeshachuma."

"Kama hamtaki, zirudisheni kwenye mashina yake," akajibu, akacheka, halafu akatandika turubai kwenye kivuli cha lori lake na kujinyoosha. Hakuwa na haraka. Alijua kwamba sisi tuna haraka kwa niaba yake.

Ngoja nimtendee haki, mwanangu, maana naye ni kiumbe wa Mungu. Hakudanganya kuhusu Songea. Bei ilikuwa imeanguka kweli, tulikuja kuthibitisha baadaye. Lakini alikuwa anajua tangu katikati ya wiki kwamba inaanguka, na angeweza kutuma neno kwa gari lolote: msichume kwanza. Nyanya ikiwa kwenye mti ina siku zake za kungoja. Ikishachumwa, kila saa inakwenda na kitu. Alituacha tuchume ili tusiwe na la kusema.

Tulikuwa katika hali hiyo, wanawake wananong'ona, ndipo ikapita pikapu chakavu ikitokea vijiji vya mbele. Mbele, pembeni ya dereva, alikaa mama mmoja mnene, kitenge amekifunga kifuani, kilemba kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Gari zima lilinuka usipa, vile visamaki vidogo vya ziwani. Alikuwa Mnyasa wa Kihagara, kule Ziwa Nyasa. Alipanda milimani kuuza usipa wakavu, akishamaliza anarudi na maharage. Tulikuwa tunamfahamu kwa sura tu. Watu walimwita Mama Yunisi.

Alisimamisha gari, akashuka, akawasalimu wazee kwanza, akamwamkia "Shikamoo" kila aliyemzidi umri, kisha akatazama matenga.

"Kuna msiba?" akauliza. "Mbona mmekaa hivi na mali yote hii?"

Baba akamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akasema, "Kwetu sasa hivi watu wanachemsha usipa kwa maji na chumvi. Joto limeua bustani zote. Nyanya zingepata walaji. Lakini gari langu ni hili mnaloliona, na watu wetu mifuko yao ni myepesi. Siwezi kuwalipa kile alichowaahidi yule bwana. Naweza kuwapa zaidi ya anachowapa leo." Akaitaja bei. "Na sitaki kilemba. Mtu anipe tenga lililojaa sawasawa, basi. Baba Skola, wewe ndiye umezungumza nami, niambie napakia yapi."

Hapo ndipo nilipomwona baba yangu kwa mara ya kwanza. Namaanisha nilimwona kama mtu, si kama baba. Matenga yake peke yake yalitosha kuijaza ile pikapu. Mama alikuwa amesimama nyuma yake, ana mdogo wangu mgongoni, na nilijua anachokitamani kwa sababu na mimi nilikitamani hicho hicho. Baba akakuna kidevu, akasema, "Kila nyumba tenga moja. Mwenye mgonjwa, mawili."

Mwenye mgonjwa alikuwa jirani yetu Baba Bosko. Mke wake alikuwa amelazwa hospitali ya misheni tangu mavuno ya maharage, na watoto wao walikuwa wanakula kwetu siku moja, kwa shangazi yao siku nyingine.

Matenga yakaanza kuletwa. Mama Yunisi akatandika mkeka chini, na badala ya kupakia, akafungua tenga la kwanza akalimimina lote. Watu wakashtuka. Akazitazama nyanya za juu, za kati na za chini, akazirudisha mwenyewe, taratibu, akahamia la pili. La tatu. Alipomimina mojawapo ya matenga mawili ya Baba Bosko, zilitangulia nyanya nzuri, ngumu, zinang'aa, halafu zikafuata masalo, zile zilizopasuka na kulegea, zingine zimeshatoa maji, zimezungukwa na nzuri pande zote ili zisionekane.

Nilisikia mbuzi akilia ng'ambo ya bonde.

Yule mwenye lori alikuwa ameinuka kuja kutazama. Akacheka tena. Wengine wetu, nakiri, tulimtazama Baba Bosko usoni, jambo ambalo hatukupaswa kulifanya. Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

Mama Yunisi akajifuta mikono kwenye kitenge. "Jamani, nina kiu," akasema. "Tangu asubuhi sijaweka maji mdomoni. Wewe binti, nipeleke kwa mama yako anipe maji. Na ninyi wazee, twendeni wote, mnieleze hii njia ya kushukia mtoni kama inapitika, dereva wangu anaiogopa. Wote, tafadhali, twendeni. Tukirudi tutamalizia kupakia."

Akatuchukua wote, ila Baba Bosko akabaki nyuma. Alimshika hata yule mwenye lori mkono, akamwambia, "Nawe baba, njoo unisaidie, magari unayajua." Tulikwenda kama watu wa maandamano mpaka uani kwetu. Akanywa maji, akaomba mengine, akauliza habari za mto, za kahawa, za watoto, mpaka nikaona sasa anatafuta maneno. Tuliporudi, mkeka ulikuwa mtupu, umefutwa. Tenga lilikuwa limepangwa upya, limejaa nusu tu, na Baba Bosko alikuwa amesimama pembeni yake macho mekundu. Mama Yunisi hakulifungua tena. Alilinyanyua kwa mikono yake, akaliweka garini la kwanza kabisa, na akalilipia kama lilivyokuwa: nusu tenga, nusu bei.

Matenga yaliyobaki yaliuzwa kwa mwenye lori jioni ile, kwa bei yake. Na yale aliyoyakataa yeye waliyala mbuzi. Sitaki udhani kwamba mambo yote yalikaa vizuri. Wapo watu waliolia.

Mimi niliondoka na ile pikapu. Yunisi, binti wa yule mama, alikuwa ameolewa karibuni, hivyo mama yake hakuwa na wa kumsaidia sokoni, akawaomba wazazi wangu, nao wakakubali kwa kuwa palikuwa na nyanya zetu ndani ya gari. Nilikaa juu ya mzigo, nimeshikilia kamba, tukateremka kona baada ya kona mpaka hewa ikabadilika ikawa nzito na ya joto. Tuliposimama kupooza injini, nikapata ujasiri wa kumuuliza.

"Mama, kwa nini hukumkemea yule?"

"Ningemkemea angejifunza nini?"

"Asirudie."

"Angejifunza kuficha vizuri zaidi," akasema. "Mimi nimefanya biashara na wezi, binti yangu, nawajua. Yule si mwizi. Yule ana mgonjwa. Niliyaona macho yake kabla sijaona nyanya zake."

Kihagara nilikaa mpaka nyanya zikaisha, na zaidi ya hapo, maana nilinogewa. Nilijifunza kula ugali wa muhogo na usipa, nikajifunza kuoga ziwani bila kuogopa mawimbi. Lakini zaidi nilijifunza kuuza. Kabla ya kuita mteja yeyote Mama Yunisi alichambua mafungu. Nyanya ngumu zenye ubichi kwa mbali aliwawekea wale wanaosafiri na maboti kwenda vijiji vya mbali. Zilizoiva vizuri ziliuzwa kwa wapishi wa siku hiyo. Zilizolegea alizirundika peke yake, wazi, pembeni, wakazinunua kwa bei ndogo akina mama waliouza chakula gatini, maana wao wanaziponda muda uleule. Mteja akikosea fungu alimrudisha. "Hizo usichukue kama unapika kesho," alikuwa anasema. "Hizo ni za leo leo. Ukizilaza utakuja kunitukana." Nilidhani anajiharibia. Kabla ya siku ya pili kwisha niliona watu wanapita meza za wengine wanakuja kwake, na hawabishani bei sana, kwa sababu walishajua wanachokipata.

Mvua za kwanza zilipoanza, nikaona jambo jingine lililonifungua macho. Embe. Ziwani kule embe zilikuwa zimejaa mpaka zinaozea chini, watoto wanazipiga teke njiani, nguruwe wanazikataa. Na wenye embe walikuwa wamekaa vibarazani wameshika tama kama sisi tulivyoshika kwa nyanya zetu. Nikakumbuka kwamba milimani kwetu siku hizo hizo mtoto akiona embe anaruka kwa furaha. Mama Yunisi akanituma niwatafutie wenyewe magunia, tukapakia embe, tukapanda nazo. Ndivyo alivyoishi mama yule. Alikuwa anajua mahali gani kuna kingi na mahali gani kuna pengo, naye akapita katikati.

Tulipofika Matiri na embe, aliwakusanya wakulima, akawaambia maneno ambayo nilitamani kila mkulima ayasikie. "Ninyi mnalima nyanya wakati kila mtu analima. Mimi nahitaji nyanya za masika, wakati ukungu unaua miche na watu wanakata tamaa. Najua ni kazi. Sihitaji nyingi. Atakayeweza, nitazichukua zote, mvua inyeshe isinyeshe. Tupatane bei leo ili mtu asilime kwa kubahatisha."

Wengi walikataa, na hawakuwa wajinga, maana nyanya za masika zina taabu. Baba yangu alijaribu. Ukungu ukampitia, akabaki na mashina meusi. Aliyefaulu alikuwa Baba Bosko. Aliacha bonde akapanda mlimani penye upepo, akajenga vichanja akaviezeka kwa nyasi ili mvua isipige majani moja kwa moja, akafunga kila shina kwenye kijiti, akawa anakata majani ya chini yasiguse tope. Mke wake alikuwa amerudi kutoka hospitali lakini hana nguvu, akawa anakaa kwenye mkeka pembeni ya shamba anamwelekeza na kumtania. Watu wakasema Baba Bosko amejenga nyumba ya nyanya kabla hajarekebisha yake. Hawakusema uongo, nyumba yake ilivuja.

Mwezi wa tatu, mimi bado niko nyumbani Matiri, nyanya zake zikawa nyekundu. Hapakuwa na nyanya nyingine popote. Na kabla Mama Yunisi hajafika, akafika yule bwana mwenye lori. Habari zinasafiri. Alikwenda mpaka shambani kwa miguu, viatu vyake vya mjini vimejaa tope, akataja bei. Mwanangu, ile bei iliwafanya watu wapige mluzi. Ilizidi mara mbili ile aliyopatana na Mama Yunisi.

"Nimeshazungumza na mtu," Baba Bosko alimwambia.

"Mtu gani? Yule wa usipa? Barabara ya huko chini imekatika, mto umebeba daraja. Hatakuja huyo. Unataka zikuozee?"

Shemeji zake walimzunguka. Wakamwonyesha paa la nyumba. Wakamwonyesha mke wake, wakamkumbusha dawa. Baba yangu hakuingilia. Alikuwa anajua kwamba hilo si la kusemewa. Baba Bosko akamtazama mkewe. Mkewe akasema, "Mngoje yule mama mpaka kesho mchana. Wewe bwana mwenye lori, lala hapa, tutakupikia." Basi yule bwana akalala kwetu, maana kwa Baba Bosko paa lilivuja, akala maharage na ugali, na nikagundua jioni ile kwamba naye ana watoto, na kwamba lori lenyewe lilikuwa la mkopo. Alisimulia mambo hayo huku anakausha soksi zake jikoni kwa mama.

Asubuhi mvua ilinyesha. Mchana haikuacha. Baba Bosko alikuwa ameshaanza kuchuma, polepole, akizitanguliza zile ambazo hazingeweza kungoja, huku anatazama njia. Yule bwana alikuwa ameshawasha lori.

Ndipo tukamwona mama mnene anapanda kilima, fimbo mkononi, kanga imelowa imemgandia, tope mpaka magotini. Gari lake lilikuwa limezuiwa ng'ambo ya mto. Alivuka kwa kushikwa mikono na vijana, akapanda kwa miguu njia yote ile.

Hakukaa. "Bado unazo?" aliuliza.

"Ninazo," akasema Baba Bosko.

"Zote?"

"Zote, mama."

Mama Yunisi akaangalia lori, akaangalia mwenye lori, akauliza ametaja bei gani. Wakamwambia. Akakaa kwenye jiwe sasa, kwa mara ya kwanza, akavuta pumzi. Mimi nilikuwa karibu naye nikamwona midomo inacheza, anapiga hesabu.

"Baba Bosko," akasema, "bei tuliyoipanga, tuliipanga bila kujua masika yatakuwa hivi. Nikikulipa ile nitakuwa nimekupora, hata kama ulikubali kwa mdomo wako. Nitaongeza." Akataja alichoweza, nacho bado hakikufika kwa mwenye lori. "Zaidi ya hapo kule kwetu hakuna wa kununua. Sasa sikiliza. Nusu mpe huyu baba, kwa bei yake, upate ya paa na ya dawa. Alipe kwanza ndipo apakie. Nusu nipe mimi, nisirudi mikono mitupu kwa watu walionitazamia."

"Mama, niliahidi zote."

"Na mimi niliyeahidiwa ndiye ninayekufungua."

Baba Bosko aliinamisha kichwa. Nilidhani anafikiria. Alikuwa analia.

Mwenye lori alilipa. Sijui ni aibu, sijui ni maharage ya mama, lakini alilipa pale pale, na alipopelekewa matenga aliyatazama bila kuyamimina, wala hakudai kilemba. Mzigo wa Mama Yunisi tuliubeba vichwani. Kijiji kizima, hata waliokuwa hawana nyanya wala faida yoyote, tuliteremka na matenga kwenye utelezi, tunashikana, tunaangushana, tunacheka, mpaka mtoni, na vijana wakayavusha moja moja mpaka kwenye pikapu.

Baada ya Pasaka nilikwenda kumsaidia Mama Bosko kufua, nikamuuliza kama mume wake hakujutia zile siku mbili za kungoja, maana zilimweka karibu na hasara kubwa. Akaniambia, "Skola, mume wangu alinieleza kila kitu nikiwa kitandani hospitalini. Akasema, nilimdanganya yule mama, naye akawachukua watu wote akaondoka nao ili nisiaibike. Akasema, mtu wa namna hiyo sitamwuza kwa bei yoyote."

Mama Bosko aliishi miaka mingi, akazaa wengine. Mume wake aliendelea na nyanya za masika mpaka mikono ikakataa, na nyumba ilipata bati. Mimi niliolewa huko huko ziwani, nikarithi meza ya Mama Yunisi sokoni alipozeeka. Alipofariki, watu wa Matiri waliteremka kumzika, wakaimba nyimbo zao za Kikatoliki katika kanisa la Kianglikana, na mchungaji akasema waendelee.

Sasa, mwanangu, nyakati zako si zangu. Una lami mpaka ziwani. Una simu, unaweza kumwuliza mtu wa Songea nyanya zinauzwaje kabla hujachuma hata moja, na nakuomba uulize, kila mara, usimngoje mwenye gari akuambie. Lakini simu haitakuambia ulime lini. Ukiona bei kubwa leo, jua wenzako wote wameiona pia, na wote wanatafuta mbegu. Wewe tafuta pengo. Uliza ni miezi gani soko linalia, kisha ukubali taabu ya miezi hiyo, na anza na kipande kidogo ambacho ukikipoteza watoto watakula bado. Kahawa usiing'oe. Mahindi usiyaache.

Tenga lako lifanane juu na chini. Nyanya zilizolegea ziuze kwa jina lake, zina wenyewe, na watakushukuru. Anayekudai kilemba mwambie hapana, akitaka zaidi alete tenga kubwa zaidi na alilipie, na ikibidi mkatae. Mkipatana bei, ishike. Mambo yakibadilika sana, kaeni chini mpatane upya mkiwa mmetazamana, hasa pale mabadiliko yanapokuangukia wewe kwa faida. Usimvizie mtu mpaka nyanya zianze kulegea ndipo utaje bei yako. Faida hiyo utaipata mara moja, halafu utakuta njia zote zinakuzunguka.

Na siku utakapomkuta mwenzako amekosea, na utamkuta, kwa kuwa shida inamfanyia mtu mambo, mtafutie nafasi ya kurekebisha bila watu kumkodolea macho. Usilifumbie macho kosa. Tenga la nusu lilipie nusu. Lakini mtu mwenyewe muache arudi kwenye miguu yake. Katika miaka yangu yote ya kuuza na kununua sijawahi kupata mali iliyokaa muda mrefu kuliko hiyo.

Nenda basi. Mungu akupe mvua ya kiasi na jua la kiasi. Akulinde na ukungu, akulinde na tamaa ya wengine na ya kwako. Akupe wanunuzi wenye huruma, na akikujalia kununua, akupe wewe huruma hiyo. Watoto wako wale washibe, na jirani yako asikie harufu ya mboga yako akaribishwe. Mikono yako ibarikiwe, mwanangu, na shamba lako, na njia yako ya kwenda sokoni na ya kurudi.